Kitabu cha Maelekezo Kilichohamia Ndani ya Simu

Leo tuzungumzie historia ya kitu ambacho sisi tunaoandika programu hukiacha hadi dakika ya mwisho: maelekezo ya mtumiaji.

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Wakenya wakaiita "mulika mwizi" kwa sababu ya tochi yake. Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha maelekezo. Lakini nani alikisoma? Fikiria Kiogoro, karibu na mji wa Kisii. Nyumbani ni Ekegusii, Kiswahili ni cha kuongea na wageni, Kiingereza ni cha shuleni. Kijitabu cha herufi ndogo kingemsaidia nini mama anayeuza ndizi sokoni? Mjukuu alimwonyesha pa kubonyeza, na kwa kupiga na kupokea simu, hilo lilitosha.

Halafu simu ikaanza kubeba pesa. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 kwa wateja wa Faulu Kenya, ili walipe mikopo yao kwa simu. Walihitaji kufundishwa sana, tena wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa lengo la kwanza. Safaricom ilipozindua huduma hiyo Machi 2007, maneno yote yalikuwa yamepunguzwa hadi wazo moja: tuma pesa nyumbani.

Tazama menyu yenyewe. Tuma pesa. Weka nambari ya simu. Weka kiasi. Weka nambari ya siri. Kila hatua inaomba kitu kimoja tu, na inaanza na kitenzi. Mfuatano ni ule ule wa kumpa mtu noti mkononi: unampa nani, kiasi gani, umekubali? Kisha ujumbe unarudi na jina la mpokeaji, kiasi kilichotumwa na salio. Yaani kitabu kilihamia ndani ya simu. Kilichobaki alikieleza wakala kwa mdomo, na Kisii angeweza kukieleza kwa Ekegusii, lugha ambayo menyu haina.

Na hapa si mchezo. Asiyeelewa hatua humkabidhi mtu mwingine simu pamoja na nambari ya siri. Maelekezo mabovu ya redio yatakukosesha stesheni; ya simu yenye pesa yatakukosesha karo ya mtoto.

Kwa hiyo wenzangu, tuandike maelekezo kabla ya programu. Hatua isiyoelezeka kwa sentensi moja fupi irekebishwe kwenye programu, isiongezewe ukurasa kitabuni. Kisha mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona, kaa kimya, utazame kidole chake. Pale kinaposita ndipo pa kuandika upya.