Kuchagua Mishale kwa Uta Mpya

Wengi wetu tukifundisha habari za silaha za kale husema "uta na mishale", kana kwamba mshale wo wote wafaa kwa uta wo wote. Sivyo. Mwindaji aliyepata uta mpya alikuwa hajapata silaha bado, mpaka achague mishale iupasayo.

Tuanze na majina. Kiswahili kina maneno mawili: uta, neno la kale lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, kama obuta la Wanyankole, na upinde, litokalo katika kupinda. Warundi na Wanyarwanda, jirani za Wahangaza na Washubi wa Ngara, husema umuheto, nalo latoka katika guheta, yaani kupinda vile vile. Majina haya yatufundisha kwamba nguvu ya uta ni kule kupindika kwake. Lakini mshale nao hupindika.

Upote ukiachiwa, wano, yaani mti wa mshale, husukumwa kwa nyuma, likapindika kidogo likipita ubavuni mwa uta, kisha hunyoka angani. Wano laini mno kwa uta mgumu hupindika kupita kiasi, likapotoka au kuvunjika. Na lililo gumu mno hugonga uta likaenda kando. Yapasa basi kuyapinda mawano kwa mkono, na kuyalinganisha kwa ugumu na uzito, ili mishale yote ya podo moja iruke njia moja. Urefu nao upite kidogo kipimo cha kuvuta, chembe isije ikamchoma mpigaji mkononi.

Baada ya uta, mnyama. Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao hata leo huwinda kwa uta, huyanyosha mawano kwa moto na meno. Kwa ndege na wanyama wadogo hutumia mishale ya mti mtupu. Kwa wanyama wakubwa, chembe za chuma zenye sumu. Wawata wa Tsavo, nchi ya Kenya, walivuta mata marefu yenye nguvu ya ratili 100 na zaidi, wakawaua ndovu kwa mishale mizito ya sumu. Mshale mwepesi huenda mbio, bali ule mzito hupenya.

Huku kwetu, Speke alipopita Usui mwaka 1861, katika enzi ya Suwarora, uta ulikuwa silaha ya vita na ya mawindo pia. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya kuwinda kwa kibali. Na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambamo kuwinda ni marufuku. Wanyama wamepata ulinzi, nasi twafurahi. Lakini elimu iliyofunzwa porini haina tena pori la kufunzwa.

Basi, walimu wenzetu, tuwaulize wazee wa Ngara na Biharamulo: wano lilikatwa mti gani, manyoya ya ndege gani, chembe ya namna gani kwa mnyama gani, na kila kitu kiliitwaje? Uta waweza kutundikwa ukutani miaka mingi ukabaki uta. Bali ujuzi wa kuuchagulia mishale ukae katika vinywa vya watu, la sivyo watoto wetu watarithi mti uliopindwa tu.