Waya Chini ya Bahari Yetu

Neno "simu" ni la zamani kuliko hizi simu tunazobeba mifukoni. Asili yake ni Kiajemi, ambako ni fedha au waya, na wazee wetu walilitumia kwa habari iliyopita kwenye waya, yaani telegramu, kabla ya kuzoea simu ya kuongea.

Waya wenyewe ulifika Unguja mwaka 1879, zama za Seyyid Barghash. Januari ya mwaka huo majeshi ya Uingereza yalishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari ikachukua siku 20 hivi kufika London, maana Afrika Kusini haikuwa na waya wa kuvuka bahari. Wakubwa wakashtuka. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikwishalaza waya kutoka Aden hadi Durban, ukipitia Unguja na Msumbiji.

Basi tusijidanganye, waya ule haukuja kwa ajili yetu. Uliletwa na vita vya mbali, nasi tulikuwa njiani tu. Malipo yalihesabiwa kwa neno, na waliomudu ni serikali na matajiri wa biashara. Mama mwenye mtoto ng'ambo aliendelea kungojea barua, au msafiri wa kumletea salamu.

Miaka zaidi ya mia ikapita. Intaneti ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1990, njia yake kuu ya nje ilikuwa satelaiti, ghali na ya polepole. Tuliokuwa tukienda likizo tunakumbuka: umekaa kwenye chumba cha intaneti, umelipia nusu saa, barua moja inafunguka kwa kusuasua na dakika zinakwisha. Wanafunzi wa vyuo vikuu walipanga foleni kusoma kurasa ambazo wenzao wa Ulaya walizifungua vyumbani mwao.

Mwaka 2009 mambo yakageuka. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwezi Julai, ukigusa Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS ukaunganisha Mombasa na Fujairah, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Itazameni ramani ya TEAMS: Mombasa hadi Ghuba, njia ya majahazi ya kaskazi na kusi. Ila safari hii Serikali ya Kenya ndiyo iliyoanzisha shughuli, na ikawa miongoni mwa wenye hisa. Tofauti hiyo si ndogo, kwani mwenye waya ndiye mwenye kauli juu ya bei na njia.

Hata hivyo waya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile wengi wetu huku ughaibuni tulipiga tukakosa, tukarudi kungoja kama yule mama wa 1879.

Leo bibi aliyeko Unguja anaweza kumsomesha mjukuu wa Muscat au London Kiswahili jioni kwa jioni, wakionana uso kwa uso. Njia iko, na safari hii tuna haki ya kuiita yetu. Je, watoto wetu tunawaketisha mbele ya bibi, au tunawaachia waitumie kwa michezo tu?