Ridhaa Iliyobaki Berlin

Kama umewahi kufanya utafiti unaohusu watu, hata ule wa kuuliza maswali tu sokoni, fomu ya ridhaa unaijua. Unamsomea mhusika, unamwambia anaweza kukataa, anaweka sahihi au dole gumba, mnaendelea. Darasani tunafundishwa kwamba fomu hii ina mizizi Nuremberg, kwenye kesi ya madaktari wa Kinazi. Hukumu ya mwaka 1947 ilitoa kanuni kumi, na ya kwanza inahusu ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio.

Si uongo. Ila hadithi ikianzia hapo, tunabaki na picha kwamba kabla ya 1947 watafiti walikuwa hawajui, na walipojua wakaacha. Hebu turudi nyuma kidogo uone kwamba walijua.

Tuanzie Breslau, mji uliokuwa Ujerumani na leo ni Wrocław, Poland. Miaka ya 1890 daktari Albert Neisser, yule aliyegundua bakteria wa kisonono, alikuwa anatafuta kinga ya kaswende. Alichukua seramu kutoka kwenye damu ya wagonjwa wa kaswende akawadunga wanawake na wasichana waliokuwa wamelazwa kwa sababu nyingine. Hawakuambiwa wanadungwa nini. Baadhi yao, wanawake waliokuwa wakijiuza, baadaye walipata kaswende. Neisser alipochapisha matokeo mwaka 1898 alijitetea kwamba ugonjwa wameupata kwenye kazi yao, si kwenye sindano zake.

Magazeti yakaivalia njuga habari hiyo mpaka ikafika bungeni. Mwaka 1900 Neisser akatozwa faini ya mark 300. Kosa alilotiwa hatiani nalo halikuwa sayansi mbaya, bali kutoomba ridhaa. Kisha tarehe 29 Desemba 1900 serikali ya Prussia ikatoa waraka kwa wakuu wa kliniki: jambo lolote la kitabibu ambalo si la kupima ugonjwa, kutibu au kukinga lisifanywe kwa mtoto, wala kwa mtu ambaye hakukubali waziwazi baada ya kuelezwa madhara yanayoweza kumpata. Na yote yaandikwe kwenye kumbukumbu.

Usomeni tena waraka huo. Ni karibu fomu yako kabisa, miaka 47 kabla ya Nuremberg.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa unafagia vijiji kando ya Ziwa Victoria. Upande wa Uganda peke yake waliokufa wanakadiriwa kufika 200,000 au zaidi. Mwaka 1906 akaja Robert Koch, mwanasayansi maarufu wa Berlin, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Kwa kibali cha Waingereza alipiga kambi visiwa vya Ssese. Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoxyl, na ndani yake mlikuwa na arseniki. Ndiyo, sumu ile ile.

Wagonjwa walifika kwa mamia. Mwanzoni dawa ilionekana kufanya kazi, maana vimelea vilipungua kwenye damu. Halafu vikarudi. Koch alikuwa anatoa gramu 0.5 kwa sindano, akapandisha hadi gramu 1. Watu wakalalamika maumivu, kizunguzungu na kutapika, na wengine wakaacha kuja. Wagonjwa 22 wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Hapo ndipo Koch akaachana na dozi kubwa. Baadaye kambi za malale zilifunguliwa pia upande wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, karibu na Bukoba na kule Shirati, atoxyl ikaendelea kutumika, na wagonjwa wengi walitoroka.

Utauliza: waraka wa 1900 ulikuwa wapi? Ulikuwa Prussia. Uliandikwa kwa kliniki za Prussia, na Ssese ilikuwa chini ya Uingereza. Zaidi ya hapo, ulihusu jambo lisilo la tiba, na Koch angeweza kusema, bila hata kusema uongo, kwamba yeye alikuwa anatibu. Lakini mtu anayepandisha dozi ili aone kitatokea nini, hapo anatibu au anajaribu? Sheria haikuwa na jibu, kwa hiyo jibu likabaki mikononi mwa mwenye sindano.

Simchori Koch kama shetani. Malale iliua karibu kila aliyeipata, na dawa ya uhakika haikuwepo. Wengi walikwenda kambini kwa miguu yao wenyewe. Ugumu uko hapo hapo: mtu anayekufa, akiambiwa kuna dawa, atakuja. Kuja kwake si ridhaa kama hajaambiwa kwamba dawa yenyewe bado inatafutiwa kipimo, na kipimo kinatafutwa mwilini mwake.

Kuna na suala la faida. Paul Ehrlich, mkemia wa Frankfurt, aliendelea kuibadili badili atoxyl akitafuta dawa isiyoumiza kama ile. Mwaka 1910 kampuni ya Hoechst ikaanza kuuza Salvarsan, dawa ya kaswende iliyotokana na kazi hiyo. Watu wa Ssese walikuwa na malale, si kaswende. Mwaka 1979 ripoti ya Belmont kule Marekani iliweka haki kuwa kanuni ya tatu ya maadili ya utafiti: anayebeba mzigo wa utafiti asiwe tofauti na anayefaidi. Ssese ilikuwa na somo hilo miaka 70 kabla.

Leo huwezi kupiga kambi Ssese hivi hivi. Uganda, Kenya na Tanzania zote zina kamati za maadili, na hapa Tanzania kibali cha utafiti wa afya kinapitia NIMR. Ni hatua kubwa. Lakini waraka wa 1900 nao ulikuwa hatua kubwa, na haukumfikia hata mmoja wa wale 22.

Kwa hiyo ukiandaa fomu yako, angalia ile sentensi tunayoinakili sote bila kufikiri: "Hutapata hasara yoyote ukikataa kushiriki." Kisha jiulize kuhusu kijiji unachokwenda. Kama kliniki pekee yenye dawa ni ya mradi wako, sentensi hiyo ni ya kweli? Kama si ya kweli, usianze na sahihi. Anza kwa kuhakikisha anayekataa naye anatibiwa.