Karanga za Kongwa

Msafiri anayepanda gari la moshi pale Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu, kwenda Dar es Salaam, hupita katika inchi ya Wagogo, upande wa Dodoma. Ni inchi kavu, yenye mibuyu, miiba na vumbi nyekundu. Kaskazini kidogo ya reli iko Kongwa. Mambo yaliyotokea hapo yanatuhusu sisi wote tunaotumwa kwa watu wa mashamba.

1. Mupango

Vita ya 1939-1945 ilipokwisha, Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula, hata yakagawiwa kwa kipimo. Mwaka wa 1946 Frank Samuel, mukubwa wa United Africa Company, akatoa shauri: tulime karanga katika Afrika kwa nguvu ya mashini. Serikali ikatuma wajuzi watatu, na kiongozi wao John Wakefield, aliyekuwa mukubwa wa kilimo katika Tanganyika. Walizunguka miezi michache tu, tena mara nyingi kwa ndege. Wakashauri kulima hektari karibu 1,300,000, nyingi katika Tanganyika, nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Garama: pauni karibu milioni 25, kwa miaka 6.

2. Kazi

Mwaka wa 1947 walitaka kulima hektari 60,000. Walipanda karibu 3,000 tu. Trakta zao nyingi zilikuwa kuukuu, zimebaki katika vita. Hata vifaru waligeuza kuwa trakta. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe, na mashini nyingi zikalala zikingoja vyuma.

Kisha udongo wenyewe ukawashinda. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa na kukaushwa na jua huwa mugumu kama tofali. Nanyi mwajua ya kwamba karanga huzaa chini ya udongo: nani atazifukua? Mwaka wa 1949 mvua nayo ikakosa. Alizeti waliyoijaribu haikuwaokoa. Mwanzo wa 1951 Serikali ikaacha mupango ule. Pauni karibu milioni 36 zilikuwa zimepotea. Karanga walizovuna zilikuwa chache kuliko mbegu walizonunua.

3. Sababu

Ya kwanza ni haraka. Njaa ya mafuta Ulaya iliwasukuma waanze na shamba kubwa kabla ya kujaribu shamba dogo.

Ya pili: walitazama inchi kutoka juu. Mutu wa ndege huona majani. Haoni udongo, wala hajui mvua ya miaka 20 iliyopita.

Ya tatu ndiyo nzito. Wenyeji waliandikwa kazi kwa mikono yao, lakini shauri lao halikutafutwa. Mugogo hulima uwele na mutama, hufuga ng'ombe. Si ujinga: wazee wake wameona mvua zikikosa mara nyingi. Aliyetazama vema chungu cha Mugogo angalijua mvua yake.

Lakini tuhukumu kwa haki. Elimu ya kilimo si bure, na mashini si adui. Elimu ile ile ingaliwaonya, kama wangaliipa muda wa kupima. Tena si yote yaliyopotea: reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka wa 1962, lakini bandari ya Mtwara, iliyoanzishwa juu ya karanga, inapokea meli hata leo.

4. Kwetu

Wazee wetu wa Kongo, waliolimishwa pamba kwa lazima tangu 1917, walionja vilevile mupango uliofanywa mbali nao. Tusiwalaumu wageni tu. Padri mupya akifika parokia na fedha za wafadhili, naye aweza kukata pori kubwa ndani ya juma moja, bila kumuuliza mama anayelima kando ya njia. Shamba likishindikana, hasara si fedha peke yake: wakristu watasita kumuamini siku ya pili.

Bwana wetu alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara, ya kwamba hukaa kwanza kuhesabu garama yake. Basi nasi tukae kwanza. Tukae hasa pamoja na wenye shamba, katekista akiwa kati yetu, tuulize maji husimama wapi, mvua hukatika mwezi gani, wazee waliacha mbegu gani na juu ya nini. Kisha tupande kipande kidogo, tungoje mavuno.