Mnanaa wa Paka na Vichezeo Vyake

Paka aliingia nyumbani mwa binadamu kwa ajili ya kazi. Palipokuwa na ghala ya nafaka palikuwa na panya, na palipokuwa na panya paka alipata riziki yake pasipo kupewa. Hayawani wa namna hiyo hakuhitaji kununuliwa kitu cha kuchezea, maana windo lake lilikuwa chakula na mchezo kwa wakati mmoja. Jambo lililobadili sana hali hii halikuwa vita wala sheria, bali udongo. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wenye kufyonza maji, autie katika sanduku la choo cha paka mahali pa majivu. Harufu ilipungua, na paka aliyezoea kutolewa nje usiku akaweza kukaa ndani mwaka mzima. Aliokoka na magari na mbwa, lakini alipoteza windo lake. Kwa hiyo mwenye paka alitwikwa deni jipya, nalo ni kumtafutia mnyama wake shughuli.

Kitu cha kulipia sehemu ya deni hilo kilikuwa kimekwisha kuota bustanini tangu zamani. Ni mmea wa jamaa ya mnanaa, ambao Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Nepeta cataria. Neno la pili latokana na jina la paka katika Kilatini. Asili yake ni Ulaya na Asia, na wahamiaji waliuchukua hata Amerika ya Kaskazini, ambako sasa huota ovyo kando ya njia. Watunza bustani wa Uingereza walikuwa na kauli ya ajabu juu yake: mche ukihamishwa, paka huuharibu, mbegu ikipandwa hapo hapo, mmea husalimika. Philip Miller, mkuu wa bustani ya dawa ya Chelsea, ambaye kamusi yake ya bustani ilitoka kwanza mwaka 1731, hakuridhika na maneno matupu. Alipanda mche uliohamishwa karibu na miche iliyoota kwa mbegu, akaona ule wa kwanza umeraruliwa na ile mingine haikuguswa. Hakukuwa na uchawi. Mkono unaohamisha mche huyaponda majani, na jani lililopondwa hutoa harufu.

Mwaka 1941 Samuel McElvain na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walitenga kiini cha harufu hiyo, kiitwacho nepetalaktoni. Mwaka 1962 Neil Todd alionyesha kuwa kuvutwa na mmea huu ni tabia ya kurithiwa. Wachunguzi wa baadaye waliona urithi huo una mafundo mengi kuliko alivyodhani, walakini jambo kubwa halikutanguka: yapata paka mmoja katika watatu hauhisi. Watoto wa paka nao huwa hawaujali. Wengi wa wasioujali huvutwa na matatabi, mmea utambaao wa Japani. Na ni kwa huo wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Iwate walionyesha, mwaka 2021, kwamba paka anayejisugua majanini hupakaa mwilini kitu kinachofukuza mbu. Waliomcheka paka kuwa mlevi walimwonea.

Mnunuzi wa kichezeo na ayakumbuke hayo. Mnanaa mkavu uliokaa rafuni miaka umekwisha kupoteza mafuta yake. Afadhali mfuko wa kitambaa kigumu unaoweza kufunguliwa na kujazwa upya, na majani yake yahifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa. Furaha ya paka hudumu kadiri ya dakika kumi, kisha pua huchoka. Kwa hiyo kichezeo kiondolewe, kirudishwe siku nyingine. Majani machache yakimezwa si kitu. Mengi yaweza kumtapisha.

Hatari haimo katika mnanaa, imo katika mapambo. Macho ya vifungo, kengele ndogo, manyoya yaliyogundishwa, na zaidi ya yote uzi na utepe, huwekwa ili kumpendeza mnunuzi, paka hakuviomba. Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea kooni, na uzi ukishakamatwa humo ni vigumu kuutema. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo hujikunyata juu ya uzi kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, hata ukatoboka. Mwenye paka akiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, asiuvute. Ampeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Soksi kuukuu isiyofumuka, iliyotiwa majani makavu na kushonwa mara mbili, kubwa kiasi cha kukumbatiwa kwa miguu ya mbele na kupigwa teke kwa ile ya nyuma, huwa salama kuliko panya wengi wa dukani.