Kura Ndogo Iliyoogopwa: Udiwani Kisumu Tangu 1963

Agosti 1968 Kenya ilifanya uchaguzi wa madiwani ambao upinzani haukupewa hata nafasi ya kushindwa. Chama cha KPU, kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, kilikuwa kimewasilisha wagombea wake. Wakuu wa wilaya, ambao ndio waliosimamia uchaguzi, wakasema fomu hazikujazwa sawasawa, wakazikataa zote. Wagombea wa KANU, chama tawala, wakatangazwa washindi bila kupingwa, hata Nyanza ya Kati, ngome ya KPU. Mpiga kura wa Kisian, pale barabara ya kutoka Kisumu inapogawanyika, moja ikielekea Maseno na Busia na nyingine Bondo kwao Jaramogi, hakuulizwa lolote.

Masimulizi ya jinsi Kenya ilivyopoteza uhuru wa kuchagua kwa kawaida huanzia 1969, KPU ilipopigwa marufuku, au 1982, sheria ilipoifanya KANU kuwa chama pekee. Mimi nasema yanachelewa. Kura ya kwanza kuuawa ilikuwa ya udiwani, na haikuuawa kwa bahati mbaya. Siku hizo diwani ndiye aliyejua nani anapata kibanda sokoni, shule ya msingi inajengwa wapi, zahanati inapelekwa kijiji gani. Chama chenye madiwani kilikuwa na mtu wake katika kila kijiji. Chama kilichobaki na wabunge wachache Nairobi kilikuwa na hotuba tu. Mwaka huohuo katiba ikarekebishwa ili mtu yeyote asiweze kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mgombea huru alitoweka Kenya hadi katiba ya 2010.

Haya yote yalibomoa kitu ambacho bado kilikuwa kichanga. Chini ya Waingereza, mabaraza ya wenyeji yaliyoanza katikati ya miaka ya 1920 yalikuwa na mkuu wa wilaya kama mwenyekiti, na chifu alikuwa mtu wa serikali. Mei 1963, kabla ya uhuru, Wakenya walichagua mabunge ya majimbo pamoja na bunge la taifa, na Nyanza ikapata la kwake. Jaramogi na KANU nzima waliyapinga majimbo wakisema yataigawa nchi, na kufikia Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, majimbo yalikuwa yamevunjwa. Miaka 2 baadaye Jaramogi alikuwa nje ya serikali, akipambana na dola ambayo mamlaka yake yote yalikuwa yamekusanywa mahali pamoja. Simlaumu, mwaka 1963 hofu ya nchi kugawanyika ilikuwa ya kweli. Lakini hapa ndipo inapoeleweka kwa nini watu wa ziwa, ambao wazee wao waliikataa serikali ya majimbo, walikuja kuwa watetezi wakubwa wa ugatuzi.

Mji wenyewe ulikuwa umeanza vizuri. Mwaka 1965 Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu, mwanamke Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho Kenya. Mwishoni mwa 1969 aliingia bungeni kuwakilisha mji huo, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Kampeni zile zilifanyika mji ukiwa matangani. Tarehe 25 Oktoba walinzi wa Rais Jomo Kenyatta walikuwa wamefyatulia umati risasi siku ya kufungua hospitali mpya ya Nyanza, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, viongozi wake wakatiwa kizuizini.

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyozinyang'anya halmashauri za kaunti elimu ya msingi, afya na barabara, ikayapeleka yote kwa serikali kuu. Miji michache mikubwa, Kisumu ikiwamo, iliachiwa kazi hizo; vijijini diwani alibakishiwa soko na leseni. Chaguzi ziliendelea kufanyika, ila za mtu asiyekuwa na la kutoa.

Uchaguzi wa mlolongo wa 1988 unakumbukwa zaidi kwa sababu aibu yake ilionekana kwa macho. Katika uteuzi wa KANU wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa. Kote nchini watu waliona mstari mfupi ukitangazwa mshindi mbele ya mstari mrefu. Katika kijiji ambacho chifu anasimama akitazama nani yuko nyuma ya nani, mwalimu au mfanyabiashara hakuwa na pa kujificha. Kutoka Kisumu, Askofu Henry Okullu wa Dayosisi ya Maseno Kusini alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa waliosema waziwazi kwamba utaratibu huo ni batili, na aliendelea kusema hadi akadai vyama vingi na ukomo wa mihula ya rais. Kusema hivyo kulihitaji moyo wakati ule. Desemba 1990 KANU ikaacha mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kikafutwa.

Tarehe 29 Desemba 1992 watu wa Kisumu wakapiga kura ya siri, ya rais, mbunge na diwani kwa siku moja. Ford-Kenya ya Jaramogi ilizoa viti vya ziwa. Wengi waliamini kazi imekwisha. Lakini sheria ya serikali za mitaa ilibaki ileile: waziri aliweza kuteua madiwani wa kuongezea waliochaguliwa, na kulivunja baraza lisilompendeza. Maafisa wakuu wa manispaa waliajiriwa na kuhamishwa kutoka Nairobi. Meya hakuchaguliwa na wananchi bali na madiwani, na bei ya kura ya diwani siku ya kumchagua meya ilikuwa siri ya wazi. Nafuu ya fedha ilikuja na sheria ya 1998 iliyotenga asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa mabaraza.

Ilibidi kungoja katiba ya 2010 na uchaguzi wa Machi 4, 2013. Siku hiyo mkazi wa Kisian alichagua gavana, Jack Ranguma, na mwakilishi wadi anayeingia bunge la kaunti, na nyuma yao kulikuwa na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kaunti zote 47. Zahanati na barabara za vijijini zilirudi kwa watu waliochaguliwa. Kati ya Agosti 1968 na siku hiyo ilipita karibu miaka 45, umri wa kutosha mtu kuzaliwa na kupata wajukuu.

Bado kuna deni. Kando ya ziwa, tangu Ford-Kenya hadi NDP, NARC na ODM, anayeshinda mchujo wa chama kikubwa mara nyingi amekwisha kushinda uchaguzi, na michujo hiyo imekuwa na fujo na malalamiko kuliko uchaguzi wenyewe. Ranguma mwenyewe, baada ya mchujo wa 2017 uliompa tiketi Anyang' Nyong'o, aligombea kama mgombea huru, haki iliyofutwa 1968, na akashindwa. Chifu wa Kisian anateuliwa hadi leo. Na jiji la Kisumu, lililowahi kumkalisha Grace Onyango katika kiti cha meya, halina tena baraza la kuchaguliwa: sheria ya miji ya 2011 iliweka bodi na meneja wa kuteuliwa. Katiba inapanga uchaguzi ujao Agosti 10, 2027. Kwenye karatasi sita atakazopewa mpiga kura wa Kondele au Nyalenda, hakuna hata moja ya kuchagua anayesimamia jiji lake.