Emutai: Maafa Mengi, Jina Moja

Katika lugha ya Kimaasai liko neno emutai, ambalo maana yake ni maangamizo, yaani kumalizika kabisa. Wamaasai hulitumia kwa kutaja miaka ya mwisho wa karne ya 19, wakati homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, ndui, ukame na njaa vilipowajia kwa kufuatana. Wanahistoria aghalabu wameyaandika maafa hayo mbalimbali: ugonjwa wa mifugo katika sura yake, na njaa katika sura yake. Neno la wenyeji huyakusanya yote. Yafaa kuulizwa kama mkusanyo huo ni desturi ya masimulizi tu, au ni elimu.

Homa ya mapafu ilianza kuua ng'ombe wa Wamaasai mnamo mwaka 1883. Sotoka ilitoka kaskazini. Ilionekana Eritrea na Uhabeshi katika miaka ya 1887 na 1888, na wengi husema kwamba ililetwa na ng'ombe waliopakiwa melini kwa ajili ya majeshi ya Waitalia. Ilipofika mwaka 1891 ilikuwa imekwisha enea katika nchi ya Wamaasai, na mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi. Mahali pengi ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Nyati, twiga na nyumbu walikufa vilevile. Oscar Baumann, msafiri Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta watu waliokonda kwa njaa wakiomba chakula kambini mwake.

Mfugaji aliyepotewa na ng'ombe hakupotewa na maziwa na nyama peke yake. Ng'ombe walikuwa mahari, walikuwa akiba ya mwaka wa ukame, na kwa kubadilishana walimpatia nafaka ya majirani wakulima. Tena walikuwa watunzaji wa nchi: malisho yao, pamoja na moto uliowashwa kwa wakati wake na jembe la mkulima, ndiyo yaliyozuia vichaka kuota. Mwanzoni mbung'o nao walipungua mahali pengi, kwa kuwa wanyama waliowanyonya damu walikuwa wamekufa. Lakini wanyama wa porini waliongezeka upesi kuliko mifugo. Vichaka vikaota katika malisho na mashamba yaliyoachwa, na mbung'o wakarudi, wakapata makao mapya. Wakaleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, hata wenye nchi wengi wakashindwa kurudi kwao.

Watawala wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, waliikuta nchi katika hali hiyo, na wengi wao wakaidhani kuwa ndiyo hali yake ya asili. Hapa neno pori lastahili kuangaliwa. Kwa mkulima, pori ni hali ya ardhi wala si jinsi yake: shamba likiachwa hugeuka pori, na pori likifyekwa huwa shamba. Mtawala aliona pori la tangu na tangu, lisilo na mwenyewe. Alichoona kilikuwa jeraha.

Kazi nayo iligawanywa kwa idara: mifugo, kilimo, wanyama wa porini, mbung'o. Hata hivyo, C. F. M. Swynnerton alipotaka kuwaondoa mbung'o katika Shinyanga, katika miaka ya 1920, ilimbidi kushirikiana na Wasukuma wengi wenye mashoka, ambao walifyeka vichaka ili watu na ng'ombe wapate kukaa. John Ford, aliyekuwa mtafiti wa mbung'o kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1971 kwamba wenyeji walikuwa na njia zao za kuishi na maradhi hayo kabla ya ukoloni. Helge Kjekshus alipanua hoja hiyo kwa Tanganyika mwaka 1977. Wapo waliompinga, wakisema amezidisha sifa za zama za kale. Lakini uhusiano wa ng'ombe, kichaka na mbung'o haukukanushwa.

Uthibitisho mwingine ulitoka Serengeti. Ng'ombe wa vijiji vya kandokando walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu mnamo mwaka 1963, ingawa nyumbu hawakuchanjwa. Idadi yao ilikuwa kama 250,000 mwaka 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikaribia 1,300,000. Wakala majani mengi, mioto ya kiangazi ikapungua, na miti ikaongezeka. Hivyo sindano iliyochomwa katika ng'ombe wa mfugaji iligeuza sura ya mbuga nzima. Lakini miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1959, Wamaasai walikuwa wamekwisha hamishwa kutoka hifadhi ya Serengeti na kupelekwa Ngorongoro, kana kwamba ng'ombe na nyumbu ni habari mbili.

Sotoka ilitangazwa kufutika duniani mwaka 2011, kwa msaada mkubwa wa chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, nchini Kenya. Ugonjwa umekwisha, bali mipaka iliyochorwa juu ya nchi iliyokuwa imepungukiwa na watu ingali ikibishaniwa. Basi anayechunguza mabishano hayo asianze na ramani. Na aanze na neno emutai, kwa kuwa waliolitumia waliyaona maafa hayo kuwa jambo moja, kabla idara hazijayagawanya.